Dhahabu ya Kusugulia Sufuria

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa dagaa wa sambaza kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa kifupi, maana leo sina utulivu wa kurefusha maneno.

Mimi ni Kimenyi, fundi wa majokofu na mashine za kufulia, mkazi wa Gisenyi hapa Rwanda. Nilikulia Geita, Tanzania, na huko ndiko nilikoambukizwa ugonjwa wa kuosha mchanga nikitafuta dhahabu. Sina kampuni, sina shimo. Nina beseni, koleo na mto Sebeya. Wenzangu siku za mapumziko wanatazama mpira, mimi nainama mtoni mpaka kiuno kinalia.

Siku ya kuposwa binti yangu Uwase, msemaji wa upande wetu alikuwa jirani yangu Mbarushimana. Mnajua mambo ya siku ile. Wasemaji wawili wanarushiana maneno matamu, huyu anajisifu, yule anajisifu zaidi, na wageni wanapiga makofi. Mbarushimana alipoona wenzetu wametuzidi kwa sifa za ng'ombe wao, alisimama akatangaza kwamba baba wa binti ndiye atakayetoa pete za harusi, za dhahabu aliyoitafuta kwa mikono yake mwenyewe.

Angesema hivyo mbele ya watu wengine, ningecheka tu. Lakini baba wa bwana harusi, Mzee Aimable, alikuwa mnunuzi wa dhahabu kule Bukavu, Kongo, ujana wake wote. Alitabasamu kidogo, kisha akasema, "Tumepokea." Neno hilo likishatamkwa siku ya posa, hakuna wa kulirudisha. Tangu hapo mwanawe Jack hakutafuta pete. Wanangoja zangu, na harusi ni Jumamosi hii.

Niliishia kuwaambia kwamba dhahabu ninayo. Na kweli ninayo, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imechanganyika na mchanga mweusi, laini mno hata kidole hakiishiki. Nimeikusanya tangu hoteli niliyokuwa fundi wake ilipoachisha watu kazi. Ajabu yake ni kwamba mtoni sioni kitu, hata nikodoe macho namna gani. Nikishaufikisha mchanga nyumbani na kuuosha mara ya mwisho uani, ndipo chembe zinachomoza. Mke wangu Drocella hucheka na kusema, "Uani kwetu iko na baraka, Papa Uwase."

Mmeshapata mwanzo. Sasa pokeeni balaa lenyewe.

Alhamisi asubuhi mashine yangu ilikamilika. Nimeibatiza jina Kizunguzungu. Ni beseni kubwa la plastiki lenye bomba ukingoni, na pampu ya mashine ya kufulia iliyokwisha kufa. Maji yanazunguka beseni, mchanga mwepesi unanyanyuka na kutokea katikati, kwenye shingo ya chupa niliyoigandisha kama kilima. Dhahabu, kwa uzito wake, inabaki chini. Kinachotoroka kinaangukia kwenye sanduku la mbao lenye vikingo nilivyokata kutoka rafu za jokofu, na chini yake nimetandika zulia likamate kila chembe.

Zulia hilo ni la sebuleni. Drocella bado anadhani liko kwa dobi.

Mwenyewe alikuwa ameondoka mapema na beseni lake la nyanya na mboga, kuvuka mpaka kwenda Goma, Kongo, kupitia kivuko cha Petite Barrière kama kila siku. Nilimsindikiza mpaka getini, nikamwona kidole chake cha pete kina ukijani. Nilimuuliza. Akasema ni mboga, mboga zinatia rangi. Nikamwambia avae glovu, akaniambia nivae mimi akili, tukacheka, akaenda.

Niliwasha pampu kwa maji matupu. Maji yakazunguka vizuri ajabu, bila kurusha hata tone nje. Nilicheza peke yangu uani, mtu mzima mwenye binti wa kuolewa. Kisha nikaenda stoo kuchukua kopo.

Kopo halikuwepo.

Nililikuta ukutani jikoni, limefunikwa kichwa chini, likikauka. Lilikuwa safi kuliko siku lilipotoka dukani.

Na pale pembeni, juu ya kigoda, alikuwa amekaa mama mkwe wangu, aliyeshuka kutoka Kanama kusaidia maandalizi ya harusi. Mbele yake palikuwa na mlima wa sufuria zinazong'aa mpaka zinaumiza macho.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wasomaji wa mbali. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakabiliani. Namheshimu, ananiheshimu, na tunapitana kwa mbali. Simtazami usoni, simuulizi swali moja kwa moja, na kumfokea ni jambo ambalo hata mlevi hathubutu. Nikiwa na neno, linapitia kwa mtu.

"Uwase!" niliita, sauti nikiibana. "Njoo umuulize bibi yako, lile kopo lilikuwa na kitu ndani?"

Mama mkwe alikuwa karibu kiasi cha kunipa chumvi mkononi. Alisikia kila neno. Hata hivyo alingoja mpaka Uwase ageuke.

"Bibi, Papa anauliza, ile kopo ilikuwa na kintu?"

"Ambia papa yako ilikuwa na muchanga," akajibu, amefurahi kwelikweli. Alikaa Masisi, Kongo, miaka mingi na Kiswahili chake ni cha huko. "Muchanga nyeusi, muzuri sana! Mi nilisugulia nayo sufuria yote ya harusi. Haiko sawa ile ya Kanama. Hii inakula masizi yote."

"Muulize, sufuria zote?"

"Bibi, yote?"

"Yote. Na birika, na ile sahani ya bageni ya Goma. Ambia yeye alete ingine, ile imeisha."

Nilikaa chini kwenye kizingiti cha jiko. Uwase alikuwa anajua kilichokuwa kwenye kopo, na uso wake ulianza kubadilika.

"Papa," akaninong'oneza, "Jack yangu hana pete. Papa yake alimukataza kununua. Tutafanya nini Jumamosi mbele ya batu?"

"Tulia, mama. Muulize kwanza maji ya kusuuzia aliyamwaga wapi."

"Mu mufereji," alijibu mama mkwe kabla hajaulizwa, akaonyesha kwa kidevu.

Hapo niliruka wima. Maana nyote msioijua dhahabu, jueni kitu kimoja: ni nzito na ni mvivu wa kusafiri. Majani yataondoka, sabuni itaondoka, mchanga wa kawaida utaondoka, lakini dhahabu ikifika mahali maji yanapopumzika, inakaa hapo hapo na haitoki. Na mfereji wetu una kona nyuma ya bafu kabla haujaingia shimoni.

Niling'oa vifuniko vya zege kwenye ile kona. Nikaingia mpaka magotini. Matope yalikuwa meusi, yana maganda ya viazi, yana nywele, yana harufu ambayo sitaiandika kwenye gazeti la familia. Nikaanza kuyachota kwa sahani na kuyajaza kwenye ndoo.

Nyuma yangu nilisikia, "Uwase, ambia papa yako, kama mufereji imeziba angesema tu. Mi nitatia maji ya moto, itaenda yote."

"Asimwage hata tone!" nilipaza sauti.

Uwase alinitazama kama mtu aliyeona paa la nyumba linaondoka na upepo. Nilikuwa nimemfokea mama mkwe, tena mgongo nikiwa nimempa, tena nikiwa mferejini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini mikono haikuacha kuchota.

"Ambia yeye nimesikia," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo, akageuza kigoda upande mwingine.

Mnadhani yameisha? Kichwa cha Mbarushimana kilichomoza juu ya ua.

"Kimenyi! We uko natafuta nini mule ndani?"

"Mfereji umeziba."

"Na ile mashini inazunguka, ni ya kuzibua mufereji?"

Alitazama Kizunguzungu, akatazama ndoo, akatazama tope lililonifika magotini. Uso wake ukafunguka kwa furaha ya mtu anayedhani ameshirikishwa siri.

"Aaa! Nimeelewa. Leo uko naosha!"

"Mbarushimana, subiri kidogo..."

Hakusubiri. Simu ilikuwa imeshafika sikioni. "Allô, Mzee Aimable? Bon, kuya. Kuya uone na macho yako. Dhahabu ya pete iko naoshwa leo, hapa kwa Kimenyi... Eeh. Baada ya kukula? Sawa, tuko nakungoja."

"Kwa nini umefanya hivyo?" nilimuuliza, na nilitamani kumrushia sahani.

"Usiniambie asante," akasema, akashuka kutoka alikokuwa amepanda. "Mi ni musemaji yako."

Basi nikawa na asubuhi moja tu ya kutoa dhahabu kwenye uchafu wa jikoni kabla mtu wa dhahabu hajafika kwangu. Nilishika hiki nikakiacha, nikashika kile nikakiacha, Uwase akawa ananifuata nyuma na kitambaa akifuta niliyochafua.

Niliosha takataka kubwa, nikachuja kwa chekecheo la unga la mama mkwe (hilo nalo nilichukua bila kuuliza), kisha nikamimina tope la kwanza kwenye Kizunguzungu. Pampu ikanguruma. Maji yakazunguka nalo. Nikainama.

Nikaiona. Kweli kabisa, chembe za njano! Lakini hazikuwa chini. Zilikuwa juu ya maji, zimepanda utando wa mafuta, zinazunguka kwa raha zao kuelekea kwenye lile tundu la katikati.

"Zima! Zima, Uwase!"

Alichomoa waya. Nilikuwa nimesahau kwamba masizi ya sufuria hayaendi peke yake, yana mafuta ya miezi mingi. Dhahabu laini ikiguswa na mafuta haizami tena, inaelea na kukuaga. Fundi yeyote wa Geita anajua kwamba beseni jipya la chuma linachomwa kwanza motoni ili mafuta yaungue. Mimi nilijua, na haraka ilinisahaulisha.

Nilikusanya kila kitu, na maji yaliyotoka nikayapitisha tena kwenye zulia la Drocella. Kisha nikachukua kipande cha bati, nikapakua tope juu yake, nikaenda nacho jikoni kulikokuwa na jiko la makaa limeshawaka. Juu yake palikuwa na chungu cha maharage. Nikakiondoa.

"Uwase," sauti ikatoka nyuma ya mlango, "papa yako iko napika matope?"

"Ndiyo, Bibi."

Nikasikia kigoda kikiburutwa.

"Bon. Ambia yeye, akimaliza kupika yake, mi niko na maharage."

Tope lilitoa moshi mzito wa mafuta yaliyochacha, kisha moshi ukawa mwembamba, kisha ukaisha. Nililigeuza kwa mwiko mpaka likawa unga mkavu. Nilipopoa mimi, na lilipopoa lenyewe, nikachukua sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku nchini kwetu, kwa hiyo niliivalisha glovu ya mpira. Mchanga mweusi unapenda sumaku, ukarukia glovu kama nzige. Nikivua glovu, mchanga unaanguka, naivalisha tena. Uliobaki ulikuwa kiganja kimoja tu.

Nikauloweka, nikatia tone la sabuni ya vyombo ili chembe zisielee tena. Nikamwambia Uwase awashe.

Safari hii maji yalizunguka taratibu, na ule unga mwepesi ukaanza kupanda na kuondoka, kidogo kidogo, bila fujo. Uwase alinishika bega. Nilihisi kucha zake kwenye ngozi. Chini ya beseni, pale maji yasipofika kwa nguvu, palianza kuonekana mstari wa njano.

Mstari ukanenepa. Ukawa duara linaloizunguka ile shingo ya chupa.

"Papa," Uwase alisema, mkono mdomoni. "Iko pete yenyewe!"

Alilia. Mimi nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Sijawahi kufurahi vile tangu siku aliyozaliwa. Nilizima pampu, nikainyonya dhahabu kwa bomba la sindano, nikaiweka kwenye kisahani cheupe cha kahawa, nikaikausha juu ya mvuke wa maharage yaliyokuwa yamerudi jikoni. Ilitosha pete. Ningeweza kumpelekea sonara jioni ile ile na Jumamosi nikatembea kichwa juu.

Laiti ningeishia hapo. Lakini mimi ni mtu nisiyeweza kuacha kitu bila kukichokonoa. Nina kioo cha fundi saa, kile cha kubana kwenye jicho. Nikakibana, nikainama juu ya kisahani nifaidi kwa karibu.

Furaha yangu yote ikapoa.

Dhahabu ya mtoni naijua tangu utotoni. Maji yanaigongesha kwenye mawe mpaka inakuwa bapa, na kingo zake zinalainika kama pumba zilizokanyagwa. Hii haikuwa bapa. Chembe zilikuwa zimejikunja, nyembamba, zina ncha kali. Nimekata mabomba ya shaba ya majokofu maisha yangu yote, na najua kinachodondoka chini ya tupa kinafananaje.

Hii dhahabu haikutoka Sebeya. Kuna mtu alikuwa ameikereza kwa tupa.

"Iko muzuri, Papa?" Uwase aliuliza.

"Nzuri," nikasema. Niliweka kioo kando ya kisahani, kwenye meza ya uani, nikazunguka ua mzima, nikarudi, nikazunguka tena. Kila niliposimama, kitu kingine kilinijia kichwani.

Nilikumbuka tupa yangu ndogo, jinsi ilivyopotea nikaja kuikuta kwenye kikapu cha vitunguu, na Drocella akasema alikuwa anaondoa kutu kwenye kisu. Nilikumbuka kwamba chembe ya kwanza niliiona baada ya kuachishwa kazi, haikuwa kabla. Nilikumbuka kwamba kila mara ndoo ya mchanga ililala uani usiku mzima kabla sijaiosha. Na nilikumbuka kile kidole chenye ukijani.

Drocella alirudi mchana, beseni tupu kichwani na furushi la vitambaa vya wasimamizi kwapani. Alinisalimu huku akicheka, akaona kisahani mezani, akapiga makofi. Kisha akaona kioo cha fundi saa kando yake, na makofi yakaishia hewani.

Nilimvuta stoo, nikafunga mlango.

"Mama Uwase, nipe mkono wako."

"Wa nini? Mi natoka Goma, mikono michafu."

"Nipe tu."

Alinipa wa kulia. Nikauacha, nikachukua wa kushoto. Nikaisukuma pete kidogo. Chini yake ngozi ilikuwa ya kijani mviringo mzima.

"Hii ni shaba," nikasema.

Alijaribu kuurudisha mkono.

"Ile niliyokuvisha mimi iko wapi?"

Aliinamisha macho. "Iko mu kisahani yako."

Niliegemea magunia ya viazi.

"Ulikuwa umegeukia ukuta, Papa Uwase," alisema polepole. "Batu ya hoteli balikufukuza, we ukalala, ukageukia ukuta. Hukule, huongee. Mi nikakutuma mu Sebeya na beseni yako ili upate hewa. Ukarudi na bure. Ukageukia ukuta tena. Donc nikasema, acha apate kidogo tu. Ile siku uliona ya kwanza, ulicheka, ukaomba ugali. Mi nikaenda jikoni nikalia. Basi, kuanza pale nikashindwa kuacha. Nilikuwa natia kidogo-kidogo, sawa chumvi."

"Pete yako yote?"

"Na hereni ya mama. Ile alinipa siku tulitoka Masisi."

Nilimpenda kuliko siku yoyote, na wakati huo huo nilitaka kupiga ukelele. Miaka yote hiyo nilijiona mtafutaji. Niliwasimulia watu wa mtoni siri zangu, nikawafundisha namna ya kuinamisha beseni. Kumbe nilikuwa naiosha ndoa yangu mwenyewe, na mama mkwe wangu akasugulia sufuria hereni yake mwenyewe bila kujua.

"Siwezi kuipeleka kwa sonara," nikasema. "Tuliahidi dhahabu ya mikono yangu."

"Na ni mikono ya nani imeitoa leo mu mufereji?" Alinishika kola ya shati lililokauka tope. "Sikia mi. Usiseme kintu. Dhahabu ni dhahabu. Acha mutoto yetu aolewe na heshima. Bakijua, batasema tuliwachezea siku ya posa. Batasema Uwase ametoka mu nyumba ya bongo, nyumba ya kudanganya."

"Mzee Aimable anaijua dhahabu, Drocella."

"Na macho tu, ataona rangi, basi."

"Kwa kioo ataona yote."

"Basi ficha kioo!"

Nilikuwa nimekiacha mezani. Nilifungua mlango wa stoo, na wakati huo huo nikasikia pikipiki inazimwa getini.

Mzee Aimable alikuwa ameshaingia uani, kofia mkononi, suruali yake imepigwa pasi kama ya mtu anayekwenda ofisini. Mbarushimana alikuwa mbele yake akitembea kinyumenyume, akitoa hotuba. Mama mkwe alisimama mlangoni pa jiko, kitenge amejifunga vizuri. Uwase alisimama kando ya meza.

"Bamwana," Mzee Aimable aliniita, kama wanavyoitana wazazi ambao watoto wao wanaoana. Alininyooshea mkono bila kujali tope. "Naweza kuona?"

Alikichukua kisahani. Alikiinamisha huku na huku, dhahabu ikateleza na kurudi. Alikipima uzito kwa kiganja, akafumba macho kidogo.

"Naomba niseme neno," alisema, na hata Mbarushimana akanyamaza. "Mimi nilinunua dhahabu toka niko kijana. Siku ya posa nilitabasamu. Munajua juu ya nini? Juu nilijua Sebeya haiko na kintu. Nilisema mu roho yangu, huyu mutu amesema bongo, siku ikifika ataona haya. Nilikataza Jack kununua pete juu nilitaka nione haya yenyewe." Akanitazama miguuni. "Leo naona mutu amechafuka tope toka kichwa mupaka miguu kwa ajili ya mutoto yake. Bamwana, nisamehe. Naomba radhi mbele ya bibi ya hii nyumba."

Mama mkwe alipiga vigelegele, vya juu, vya Kanama kabisa. Mbarushimana akapiga makofi. Drocella alitoka stoo akasimama nyuma yangu, mkono wa kushoto ameuficha kwenye kitenge, na kwa mkono wa kulia alinifinya mgongoni: nyamaza.

Nilijaribu kunyamaza. Mzee mzima alikuwa ameniomba radhi kwa kuniita mwongo moyoni, na mimi nilisimama pale nikipokea radhi isiyokuwa yangu. Nilianza kusema, "Mzee wangu, hii dhahabu..."

"Papa!" Uwase aliniita.

Niligeuka. Mwanangu alikuwa ameinama juu ya chembe zilizodondoka mezani, pale kisahani kilipokuwa, na kile kioo cha fundi saa amekibana kwenye jicho kama alivyoniona nikifanya. Alikuwa anatabasamu, anashangaa tu, hana hatia ya kitu chochote.

"Papa, juu ya nini dhahabu ya Sebeya imejikunja?"

Vigelegele vilikatika. Nilihisi vidole vya Drocella vinalegea mgongoni kwangu.

Mzee Aimable aliweka kisahani chini taratibu. Alimgeukia Uwase, akanyoosha mkono kuomba kioo.

Na mwanangu, kwa adabu tuliyomfundisha sisi wenyewe, akakivua jichoni, akakifuta kwa upindo wa nguo yake, akampa kwa mikono miwili.